Kiporo, ndizi mbichi, mtama au unga wa kopo: wanga sugu upi unalifaa tumbo lako?

Mama mdogo wangu anakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Ana kisukari cha miaka mingi, na ana friji inayofanya kazi umeme wa LUKU ukiwapo. Mwezi uliopita nilimkuta amepanga vitu vinne mezani: ugali wa jana, pakiti ya unga wa ndizi mbichi aliouziwa Soko la Majengo, kisado cha mtama kilichotoka Kongwa, na kopo la unga mweupe ambalo mkwewe alimletea kutoka nje ya nchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hili kopo. Wanasema halipandishi sukari. Sasa hivi vingine nigawe?"

Nilimwomba asigawe kitu kwanza. Vitu vyote vile vinne vinaweza kumpa wanga sugu, yaani wanga unaogoma kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba na kufika utumbo mpana ukiwa bado wanga. Lakini kila kimoja kinagoma kwa namna yake, na bakteria wa utumbo mpana hawavipokei kwa moyo mmoja. Nilichomweleza siku ile, kwa urefu kidogo, ndicho hiki.

Kwanza safari yenyewe

Wanga ni minyororo ya glukosi. Kuna amilosi, ambayo imenyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Mahindi ya kawaida yana kama robo ya amilosi, na robo tatu zinazobaki ni amilopektini. Ukila ugali wa sembe wa moto, mate yanaanza kuikata minyororo hiyo, vimeng'enya vya kongosho vinaendeleza, na ndani ya muda mfupi glukosi imeshaingia kwenye damu.

Mwaka 1982 Hans Englyst na wenzake huko Uingereza waliona kuna wanga unaobaki hata baada ya vimeng'enya kufanya kazi yao, wakauita sugu. Baadaye mipaka ikawekwa kwa saa ya maabara: unaomeng'enywa ndani ya dakika 20 ni wa haraka, unaokwenda hadi dakika 120 ni wa polepole, na unaobaki baada ya hapo ndio sugu.

Huo unaobaki hauendi bure. Bakteria wa utumbo mpana wanauchachusha, kazi isiyo mbali sana na inayotokea kwenye chungu cha togwa, na wanatoa asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana; kama 70% ya nishati ya seli hizo hutoka humo. Pamoja na asidi inatoka gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Sehemu ya haidrojeni hiyo huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi, ndiyo maana kuna kipimo cha hospitali ambacho mgonjwa anapuliza tu hewa na daktari anajua tumboni kunachachuka kiasi gani. Kwa upande wa nishati, gramu 1 ya wanga wa kawaida inakupa kama kilokalori 4, na ya wanga sugu karibu 2, kwa kuwa bakteria wanachukua ushuru wao njiani.

Jambo moja linasahaulika sana na wauzaji: matumbo hayafanani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011, wanaume 14 walipewa chakula chenye wanga sugu. Kwa 12 kati yao karibu wote ulichachushwa. Kwa 2 waliobaki, zaidi ya 60% ulitoka vilevile ulivyoingia, na wawili hao walikuwa na bakteria wachache sana aina ya Ruminococcus bromii, ambaye ndiye fundi wa kuuvunja wanga huo mwanzoni ili wengine wapate cha kula. Kwa hiyo jirani akikwambia kitu fulani kimemsaidia, mwamini, ila usidhani umeshajipima.

Nitavipima vyote vinne kwa mambo yaleyale: unagomaje na unaishia wapi, gesi, jiko na mfuko, na unamfaa nani.

Kiporo

*Unagomaje.* Chukua ugali uliolala kwenye friji, uukate kwa kisu. Kisu kinapita bila kung'ang'ania, na uso wa kipande unang'aa kama kipande cha sabuni. Ugali wa moto haukatiki hivyo, unavutika na kuganda kwenye kisu. Unachokiona pale ni minyororo ya wanga iliyolegezwa na maji ya moto, sasa imejipanga upya na kushikana hadi vimeng'enya havipati pa kuingilia. Amilosi hujipanga ndani ya saa chache. Amilopektini huchukua siku, na yenyewe ukiipasha moto inalegea tena. Fuwele za amilosi hazilegei kirahisi: zinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 100, na sufuria yako haifiki huko, sembuse Dodoma, mji ulio juu kwa zaidi ya mita 1,000 ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Kwa hiyo kupasha kiporo hakufuti kila kitu.

Ila tusikitukuze kupita kiasi. Watafiti wa Indonesia waliupima wali mweupe mwaka 2015: uliotoka jikoni ulikuwa na gramu 0.64 za wanga sugu kwa kila gramu 100, uliopoa saa 10 nje ya friji 1.30, na uliokaa friji saa 24 kisha ukapashwa 1.65. Sahani ya gramu 300 basi inakutoa kwenye gramu 2 kwenda 5 hivi. Ni nafuu ya kweli, lakini sahani iliyobaki ni wanga uleule wa kupandisha sukari. Mchele wa Bahi uliolala bado ni mchele.

*Gesi.* Kidogo, maana kiasi chenyewe ni kidogo.

*Jiko na mfuko.* Bei yake ni sifuri, umeshakinunua jana. Hatari iko kwenye hotpoti. Wengi wetu tunaufunika ugali au wali humo usiku kucha, ukiwa vuguvugu, jasho linadondoka kutoka kwenye kifuniko. Kwenye wali hasa kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Akipata uvuguvugu anazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze wali kwenye sinia upoe upesi, uingie friji kabla ya saa 2 kupita. Baridi ya usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni tamu kwa kulala, ila si friji.

*Unamfaa nani.* Mwenye friji na asiyetaka kubadili chakula. Pia mwenye tumbo jepesi kuchafuka anayetaka kuanza polepole.

Unga wa ndizi mbichi

*Unagomaje.* Huu haujapikwa. Chembe za wanga wa ndizi mbichi zimebanana kiasi kwamba vimeng'enya vinateleza juu yake. Katika unga mzuri wa ndizi ambazo hazijaanza kuiva, wanga sugu unaweza kukaribia nusu ya uzito. Kwa wingi, hapa kiporo hakifui dafu.

Lakini una sharti moja, na mama mdogo alikuwa ameshalivunja: alikuwa anaupikia uji. Chembe hizo zikifika kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 75 hivi zinavimba, zinapasuka, na usugu unakwisha hapohapo. Mtori ni chakula kizuri, ila usiuhesabu humu. Unga huu unakorogwa kwenye mtindi, au kwenye uji ulioshapoa kabisa. Na ndizi ikishaanza njano, wanga wake unageuka sukari siku hadi siku.

*Gesi.* Hapa nina ushuhuda. Nilipoujaribu mara ya kwanza nilikoroga vijiko vinne vya chakula kwenye mtindi asubuhi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Saa nane mchana nilikuwa kwenye daladala iliyojaa, nikitoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwenda mjini, na tumbo lilinguruma hadi konda akaniangalia. Yaliyofuata niachieni mwenyewe. Anza na nusu kijiko cha chai, ongeza kila baada ya siku kadhaa. Bakteria nao wanahitaji muda wa kujipanga.

*Jiko na mfuko.* Ghali kuliko sembe, na ndizi zenyewe zinatoka mbali na Dodoma. Kwa kuwa utaliwa mbichi, usafi wa aliyekausha na kusaga ndio kila kitu. Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango. Na tafadhali usiuhamishie ujanja huu kwenye muhogo. Muhogo mbichi una sayanidi.

*Unamfaa nani.* Mwenye tumbo imara anayetaka kiasi kikubwa kwa kijiko. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza, maana ndizi ina potasiamu nyingi.

Mtama, uwele na jamii ya kunde

*Unagomaje.* Huu unagoma kwa kufungiwa ndani. Katika maharage na kunde, wanga umekaa ndani ya kuta za seli ambazo hazivunjiki zote hata zikiiva. Katika mtama kuna protini inayouzunguka wanga, kafirini, ambayo ukiupika kwa maji inakaza badala ya kulegea. Na baadhi ya mtama mwekundu una tanini za kuongezea. Ushahidi wa wanga uliofungiwa kila mla makande anaujua, ingawa hatusemi mezani: punje ya mahindi iliyomezwa bila kutafunwa inatoka na umbo lake.

Kwa sababu ni kufuli ya nje, kinu ndicho ufunguo. Mtama uliosagwa laini kama poda na mashine unauachia wanga wake upesi kuliko uliosagwa chengachenga. Bibi zetu wa Kigogo waliosaga kwa jiwe hawakuwa na habari ya vimeng'enya, lakini ugali wao wa uwele na mlenda ulichukua muda wake tumboni.

*Gesi.* Maharage yanajulikana. Sehemu ya gesi hiyo haitokani na wanga, inatokana na sukari ndogondogo ambazo hatuna kimeng'enya chake. Loweka usiku, mwaga maji, pikia mengine. Mtama peke yake ni mpole.

*Jiko na mfuko.* Kwa Dodoma, hapa ndipo nyumbani. Mtama na uwele vinavumilia ukame wetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo kimekuwa kikizifanyia kazi mbegu zake, na sokoni huhitaji kuagiza. Unapata pia protini na madini, vitu ambavyo kopo la wanga mtupu halina. Tahadhari iko kwenye uhifadhi: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi haziponi kwa kupikwa wala kupoozwa. Zitupe.

*Unamfaa nani.* Familia nzima kwa muda mrefu. Mtoto mdogo apewe uji laini wenye nguvu ya kutosha. Wanga usiomeng'enywa si zawadi kwa mtoto anayehitaji kila kilokalori akue.

Unga wa kopo

Nililisoma kopo la mama mdogo mbele na nyuma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chini ya jina moja kuna vitu viwili tofauti.

*Unagomaje.* Kitu cha kwanza ni wanga wa mahindi yaliyozalishwa maalumu yawe na amilosi nyingi, nusu au zaidi badala ya ile robo. Hakuna kemikali iliyoongezwa; ni mbegu. Huu umefanyiwa utafiti mwingi. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, India, waliuchanganya kwenye maji ya chumvichumvi ya wagonjwa wa kipindupindu, gramu 50 kwa lita. Wagonjwa walipoteza maji machache na kuharisha kukakoma mapema, kwa kuwa asidi zinazotokana na uchachukaji zinausaidia utumbo mpana kufyonza chumvi na maji. Usijaribu nyumbani kwa kubuni. Mwenye kuharisha apewe ORS ya kawaida na apelekwe kituo cha afya.

Kitu cha pili ni wanga uliorekebishwa kwa kemia. Kiwandani wanafunga madaraja ya fosfati kati ya minyororo, au wanapachika vikundi vya asetili. Kimeng'enya kinahitaji kipande cha mnyororo kilicho wazi ili kikae na kukata. Kikikuta daraja kinakwama. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula ya Marekani iliukubali wanga uliofungwa kwa fosfati kuhesabiwa kama nyuzinyuzi za chakula.

Swali ambalo tangazo haliliulizi ni hili: ukishagoma juu, nani anaukubali chini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha wanga wa namna hii uliotengenezwa kutokana na mahindi, muhogo na viazi. Ule wa mahindi uliongeza butireti. Ule wa muhogo uliongeza propioneti, kwa kuwakuza bakteria wengine kabisa. Ule wa viazi haukufanya la maana. Uligoma hadi kwa bakteria. Na athari ziliongezeka hadi gramu 35 kwa siku. Wanga watatu, jina moja la kundi, matokeo matatu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kutomwamini muuzaji anayetaja asilimia ya wanga sugu bila kusema umetokana na nini na umerekebishwaje. Usugu wenyewe si sifa. Hata kokoto ni sugu.

Onyo la pembeni: ukiona E1422 au E1442 kwenye tomato sosi au mtindi wa dukani, huo nao ni wanga uliorekebishwa, lakini kazi yake ni kushika uzito usitengane. Usihesabu kwamba umepata nyuzinyuzi.

*Gesi.* Inategemea aina. Ukipanda kiasi polepole wengi wanauvumilia, na mara nyingi unachachuka taratibu kuliko sukari zile za maharage.

*Jiko na mfuko.* Ndio ghali kuliko vyote na hapa Dodoma ni mpaka uagize au uletewe. Faida yake ni kipimo: gramu 15 leo ni gramu 15 kesho, jambo ambalo kiporo hakiwezi kuahidi. Aina iliyofungwa kwa kemia, ukilinganisha na ndizi, inavumilia moto zaidi, hivyo inaingia kwenye mkate au chapati.

*Unamfaa nani.* Mwenye uwezo, anayefuatiliwa na daktari au mtaalamu wa lishe, na anayetaka kujua hasa anakula kiasi gani.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una kisukari, hakuna hata kimoja hapa kinachochukua nafasi ya dawa. Wanga sugu unasaidia pale unapochukua nafasi ya wanga wa kawaida. Kijiko cha unga juu ya sahani ileile iliyojaa hakina kazi kubwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango: angalau 14% ya wanga wote kwenye mlo uwe sugu ndipo sukari baada ya kula ishuke. Punguza ugali, ongeza kunde na mboga, kisha pima saa 2 baada ya kula, siku kadhaa, kwa mlo uleule. Anayechoma insulini asibadilishe mlo ghafla bila kumwambia daktari wake. Sukari inaweza kushuka mno.

Kama tumbo lako linajaa upesi na kuuma, anza na kiporo, kisha mtama. Unga wa ndizi uusogeze mwishoni.

Kama tatizo ni choo kigumu, makande yaliyolowekwa vizuri na maji ya kutosha yatakufikisha mbali kabla hujafungua kopo lolote.

Kama huna friji, achana na kiporo cha wali. Uwele, mtama na kunde havihitaji umeme.

Kama kopo umeshaletewa, kama mama mdogo, soma umetokana na nini. Lake lilikuwa la mahindi yenye amilosi nyingi, halijaguswa na kemikali. Tukakubaliana kijiko kimoja cha chai kwenye mtindi wa jioni kwa wiki mbili, kipimo cha sukari kikiandikwa kwenye daftari. Unga wa ndizi alimpa dada wa jirani, akamsisitizia asiupike. Mtama ukaenda mashineni siku ileile, na alimwagiza kijana, "Mwambie asisage laini sana."